Choreni Mto Kwanza, Ndipo Mpige Mhuri

Kwa: Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni
Nakala: Waheshimiwa madiwani, kamati za mipango miji na mazingira

YAH: VIBALI VYA UJENZI KANDO YA MITO, VIJITO NA MABONDE

Waheshimiwa,

Ombi langu naliweka juu kabisa, ili hata atakayeishia aya ya kwanza awe amelipata. Pasitoke kibali cha ujenzi kwa kiwanja chochote kilicho bondeni au jirani na mto mpaka mto huo uwe umechorwa kwenye ombi, na watu wanaoishi chini ya mkondo wawe wameoneshwa ombi hilo kabla halijapigwa mhuri. Yanayofuata ni sababu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira, katika mtaa unaopitiwa na kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Mtaa siutaji, na halmashauri yake siitaji. Nikizitaja, ninyi wengine mtapumua mkisema "hayo ya kwao huko". Anzeni Mto Mpiji kule mpakani na Bagamoyo, mje Tegeta, Mbezi, Mlalakuwa, Mto Ng'ombe unaopita Sinza na Tandale, Msimbazi wenyewe unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, kisha mvuke kwenda Kizinga na Mzinga upande wa Temeke. Bonde ambalo halijamwagiwa kifusi mtalitafuta sana.

Sheria hatuna uhaba nazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, imeitaja ardhi oevu, mikoko na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 hizohizo, iwe ni mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Mita 60 kila mtu anazijua. Mama wa genge anazijua. Dalali wa viwanja anazijua kuliko wote, kwa sababu ndizo zinazomsaidia kuuza: "Hiki kiko ndani ya sitini, mama, ndiyo maana nakupa kwa bei ya kutupa."

Tatizo ni pale zinapoanzia kuhesabiwa. Kijito chetu wakati wa kiangazi ni mfereji wa maji machafu ambao mtoto wa darasa la pili anauruka. Masika yakikolea kina upana wa uwanja wa mpira. Sasa ukingo ni upi? Mpima akija Septemba na futi kamba yake, anaweka alama pale anapoona maji, na hakuna wa kumlaumu, maana hajaoneshwa kingine. Na wajanja wameshagundua jambo ambalo sijui kama ofisini kwenu limeshajadiliwa: ukijaza kifusi mita kumi kuelekea mtoni, ukingo nao umeusogeza mita kumi. Atakayekuja kupima baadaye atapima kutoka ukingo mpya. Kwa hiyo anayevunja sheria mapema ndiye anayeonekana ameizingatia.

Niliwahi kuliona faili moja la mradi. Lilikuwa wazi mezani kwa ofisa, nami nilikuwa nimefuata shughuli nyingine za kamati. Mradi ni ghala. Michoro ilikuwa mizuri, ya kompyuta. Mshale wa kaskazini upo. Maegesho yapo, na vigari vidogovidogo vimepangwa vikitazama ukuta. Shimo la maji taka lipo, miti ya mapambo ipo kwa idadi, kibanda cha mlinzi kipo na choo chake. Upande wa mashariki, kule kijito kinakopita, ambako sisi wakubwa wa mtaa tulikuwa tukifua nguo tukiwa wasichana, karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Nikauliza mto uko wapi. Nikajibiwa kwa upole kwamba mchoro huu ni wa kiwanja, na mto haumo ndani ya kiwanja.

Kwa utaratibu uliopo, yule ofisa alikuwa sahihi. Ombi linakaguliwa kama kiwanja: ukubwa wake, hati yake, umbali wa jengo kutoka mpakani, urefu wa ghorofa, uimara wa nguzo. Kila kilicho ndani ya mawe manne ya mpaka kina mtu wa kukisaini. Maji yanayotoka kwenye paa lile la bati, yatakayomwagika kwenye zege badala ya kunywewa na udongo, yakishavuka jiwe la mwisho hayana faili wala ofisa. Yanakuwa ya kwetu.

Niwaeleze bonde linavyojazwa, maana huenda wengine hamjawahi kukaa hapa usiku. Malori huanza kuingia saa tano. Kifusi cha nyumba iliyobomolewa mjini, udongo uliochimbwa kwenye msingi wa ghorofa la mtu mwingine, vipande vya vigae, masinki yaliyovunjika. Mwenye kiwanja hanunui kifusi hicho. Siku nyingine analipwa yeye ili kipate pa kumwagwa. Kwa hiyo bonde linajazwa kwa faida kabla hata tofali la kwanza halijawekwa. Mtambo wa kijiko unapita asubuhi kusawazisha. Matete yanafunikwa yakiwa mabichi. Baada ya masika moja kifusi kimeshikana, mwenyewe anaweka moramu juu, anazungusha ukuta, na hapo ndipo anakuja kuomba kibali cha kujenga kwenye ardhi ambayo, ukifika kuiangalia, ni kavu na imenyooka. Ofisa atakayefika kukagua atasema ukweli mtupu: hakuona maji.

Jirani wa ng'ambo akiona hivyo naye anajaza, kwa sababu asipojaza, maji yaliyosukumwa yatahamia kwake. Simlaumu. Kijito kinabaki mtaro. Panapovuka barabara pamewekwa kalvati la bomba mbili, na bomba hizo hula chupa za plastiki, mifuko, na kila mwaka angalau godoro moja. Mvua ya saa mbili ikinyesha huko juu, huku chini mnasikia maji kabla hamjaona wingu.

Bonde lenye matete si uchafu unaosubiri mwekezaji. Udongo wake mzito unayapokea maji ya mvua kubwa, unayashika, unayaachia polepole kwa siku kadhaa, na mchanga na tope vinatulia humohumo badala ya kwenda kulundikana mbele. Msimbazi pale Jangwani umejaa tope kiasi kwamba kitanda cha mto kimepanda, na tope hilo halikuzaliwa Jangwani. Limetoka huku kwetu juu, kwenye miteremko iliyokwanguliwa majani kwa ajili ya viwanja na kwenye vijito vinavyochimbwa mchanga. Mnaweza kuchimbua Jangwani kila mwaka, na sisi huku tutawaletea tope jingine kila mwaka.

Najua mtaniambia kuna tathmini ya athari kwa mazingira. Ipo, na ni jambo jema. Kanuni zake kama zilivyorekebishwa mwaka 2018 zimepanga miradi kwa makundi: mikubwa ambayo tathmini ni lazima, ya katikati ambayo huchujwa kwanza ndipo iamuliwe, na midogo isiyolazimika kufanyiwa tathmini kamili. Mpango huo una akili. Huwezi kumtaka mtu anayejenga vyumba viwili na sebule akaajiri jopo la wataalamu. Lakini bonde letu halikumezwa na mradi mmoja mkubwa ambao tungeusoma magazetini. Limemezwa na gereji, yadi ya kuuzia magari, ukumbi wa harusi, ghala, fremu za maduka, nyumba za wapangaji, kila kimoja kidogo, kila kimoja peke yake hakitishi. Mwenye mafaili yote hayo kwa pamoja ni halmashauri peke yake. Watu wa mazingira wanaliona lile moja kubwa tu, benki inaliona la mteja wake, mhandisi analiona la bosi wake. Ninyi tu ndio mngeweza kuyaweka mezani yote ya kijito kimoja, mkajumlisha eneo lililokwisha kujazwa, halafu mkaamua kama linalofuata linabebeka. Sijawahi kusikia hesabu hiyo imefanywa popote hapa mjini.

Halafu inakuja zamu ya mafuriko, na hapo kila mtu anakuwa mkali. Desemba 2011 mvua ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, kupewa viwanja. Desemba 2015 na Januari 2016 yakaja matingatinga Mkwajuni na kando ya Msimbazi, na alama ya X nyekundu ukutani ikawa maarufu kuliko namba ya nyumba. Wapo waliosimama mbele ya matingatinga wakiwa na leseni za makazi, risiti za kodi ya majengo, ankara za maji na umeme. Aprili 2018 maji yakarudi palepale. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizoambatana na El Nino, zimeua watu 155 nchini, na katika sababu alizotaja ulikuwemo uharibifu wa mazingira.

Katika miaka yote hiyo nimeona waliovunjiwa nyumba wakilala kwenye maturubai. Aliyesaini vibali sijamwona akichorewa X popote.

Na serikali yenyewe haijawa mfano. Karakana kuu ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katikati ya uwanda ambao mwenyeji yeyote wa Magomeni angekuambia mto huwa unauchukua. Huduma ilianza Mei 2016, na tangu hapo kila mvua kubwa ni habari ileile: Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani, mabasi yanahamishwa mbiombio, abiria wanatembea kwa miguu. Mradi ule ulikuwa na wataalamu, fedha na karatasi zote. Sasa tuna Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, wa kuhamisha watu kwa fidia, kupanua njia ya maji na kujenga daraja refu la Jangwani. Ninaunga mkono. Ila mkopo huo tutaulipa sote, na ni kichekesho kulipa ili kulirudishia bonde nafasi yake kule chini huku mihuri inaendelea kugongwa juu ya vijito vinavyolilisha.

Wenzetu wa Nairobi walifika mbali zaidi. Agosti 2018 waliangusha majengo makubwa ya biashara, likiwemo la South End pale Lang'ata na Ukay Centre pale Westlands, kwa kuwa yalikuwa kwenye njia ya mto. Hayakuota usiku mmoja kama uyoga. Kulikuwa na ofisi, na kulikuwa na watu walioyatazama yakipanda ghorofa baada ya ghorofa. Ukivunja jengo la namna hiyo umepoteza saruji, nondo, ajira za waliopanga mle na kesi za miaka mahakamani, na yote yangeepukwa kwenye meza ya kwanza kabisa, siku mchoro unapokelewa.

Nirudi kwenye meza hiyo. Ninachoomba hakihitaji sheria mpya wala mfadhili.

Mchoro wowote unaoletwa uoneshe maji yaliyo karibu hata kama yako nje ya kiwanja: kijito, chemchemi, mtaro wa asili, na mstari wa pale maji yalipofika kwenye mafuriko makubwa yanayokumbukwa. Mstari huo si wa kutafutwa maabara. Njooni mtaani, mwite wazee na mabalozi wa nyumba kumi, watawaonesha alama kwenye kuta za nyumba zao, nyingine bado zina rangi ya tope. Mita 60 zihesabiwe kutoka huko na si kutoka kwenye mfereji wa Septemba. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo kazi yake ni mito hii, iwe na sahihi yake kwenye ombi la namna hiyo kabla ya sahihi yenu. Na kwa viwanja vya bondeni, ukaguzi ufanyike mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja ndani ya masika au vuli. Najua mwekezaji atalalamika kwamba anacheleweshwa miezi. Acheni alalamike. Ardhi aliyoinunua kwa bei ya kutupa ilikuwa ya kutupa kwa sababu.

Kifusi nacho kiingizwe kwenye kibali. Leo kibali kinaanzia kwenye msingi, wakati madhara yanaanzia kwenye lori la kwanza. Anayejaza bonde bila ruhusa ahesabiwe ameanza kujenga bila kibali, na atakapokuja kuomba, jibu la kwanza liwe kuondoa alichomwaga. Mkishafanya hivyo kwa mtu mmoja mkubwa, mwenye ghala au ukumbi, madereva wa malori wote wa jiji watakuwa na habari kabla ya magharibi.

Kuhusu kutuonesha maombi, mtu akitaka kubadili matumizi ya ardhi, nyumba ya kuishi iwe baa kwa mfano, tumezoea kuona bango limechomekwa mbele ya kiwanja likitangaza kusudio. Kwa nini kujaza bonde kuwe siri kuliko baa? Bandikeni ombi na ramani yake kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, wetu na wa mitaa iliyo chini ya mkondo, kwa muda wa kutosha watu kusoma na kuandika pingamizi. Siku hizi maombi yanapita mtandaoni, vizuri, yanakwenda haraka. Lakini yakipita mtandaoni hayapiti mtaani. Mwenyekiti wa mtaa anagundua mradi siku anapoombwa kuja kusuluhisha ugomvi wa ukuta. Sheria ya mwaka 2004 imeweka kamati za mazingira mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Sisi tunaitwa siku ya usafi, tunapewa mafagio, tunapigwa picha. Barua zetu tatu kuhusu kifusi zilipigwa danadana kati ya idara mbili, ya nne hatukuiandika.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa mjini huwa hawapendi kulisikia, na wenzangu wa mtaani hawatanishukuru kwa kulisema. Nyumba nyingi za bondeni hazina kibali chochote. Watu wamevamia, au wameuziwa na waliovamia, na wengine wanaendelea kujenga hivi ninavyoandika. Mtaniuliza basi vibali vina kazi gani kama watu hawaviombi. Jibu langu ni kwamba mvamizi wa vyumba viwili hutazama anachofanya mwenye ghala. Akiona malori ya yule yanapita mbele ya ofisi ya mtendaji na ubao wa mkandarasi umesimikwa na namba ya kibali juu yake, anajua bonde limeshafunguliwa. Mnapomzuia yeye halafu mkampitisha yule, hata askari wa jiji mnaowatuma wanaona haya. Sisemi kila kibali kina kitu kidogo ndani yake. Vingine vimepita kwa funika kombe mwanaharamu apite, vingine kwa sababu karatasi ilikuwa nyeupe upande wa mashariki.

Pia msije mkaisoma barua hii kama ruhusa ya kuleta matingatinga kesho asubuhi. Familia zilizoko bondeni tayari ni suala jingine, linalotaka mahali pa kwenda, shule za watoto na usafiri wa kufika kazini. Waliopelekwa Mabwepande wanaweza kuwaeleza habari ya usafiri. Ninaongelea ambacho bado hakijajengwa.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kila halmashauri, likieleza mambo mawili: maombi mangapi ya ujenzi yaliyo ndani ya mita 60 za mto yako mezani kwenu sasa hivi, na ni nani anayeyakagua. Nakala ibandikwe kwenye ofisi za mitaa. Kama kuna halmashauri iliyo tayari kuanza na kijito kimoja kwa majaribio, kamati yetu itawatembeza kuanzia chemchemi mpaka kalvati. Mje na viatu vya mvua.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mjumbe, kamati ya mazingira ya mtaa
Dar es Salaam